Stempu na Postikadi za Kisangani: Hoja ya Kuzikusanya Katika Idara za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita karani mmoja mstaafu wa posta alifika katika maktaba ya taasisi moja ya elimu ya juu akiwa na albamu tatu kwapani. Ndani yake mlikuwa na stempu na postikadi alizozikusanya tangu ujana wake. Nyingi zilikuwa za miji ya Mto Kongo, na zaidi ya nusu zilikuwa za mji ule ulioitwa zamani Stanleyville na ambao leo unaitwa Kisangani. Hakutaka fedha, alitaka zitunzwe. Alijibiwa kwamba maktaba hupokea vitabu, majarida na nyaraka, wala haipokei vitu vya burudani. Kabla ya kumpa jibu hilo, mkutubi alinipigia simu kuniuliza iwapo wanaisimu wangekuwa na matumizi nazo. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilimwambia kwamba sidhani.

Albamu zile hazipo tena. Mzee mwenyewe alifariki, na warithi waliziuza kadi moja moja. Moja niliiona baadaye katika duka la vinyago, imetiwa katika fremu, upande wa picha ukitazama nje na upande wa maandishi umegandishwa kwa gundi kwenye ubao. Makala haya yanatokana na jibu langu lile la simu, ambalo sasa naamini lilikuwa kosa la kitaaluma, na wala si langu peke yangu.

Dai la makala haya ni kwamba stempu na postikadi zinazouadhimisha mji wa kihistoria kama Kisangani ni matini. Zina lugha, zina tarehe, zina mwandishi na mwandikiwa, na aghalabu zina mahali zilipotoka na zilipokwenda. Sifa hizo ndizo tunazozitafuta kwa taabu katika matini nyingine tunazozitafiti. Ni haki basi idara za Kiswahili zizikusanye, na zizikusanye kwa kanuni zake zenyewe, si kwa kanuni za wapenda stempu. Nimeichagua Kisangani kwa sababu mbili: historia yake imefungamana na historia ya lugha yetu, na majina yake yaliyobadilika-badilika yamehifadhiwa vizuri mno katika vipande hivi vidogo vya karatasi.

2.0 Mji na Majina Yake

Kisangani uko mahali ambapo Mto Lualaba, baada ya kushuka katika maporomoko saba, huanza kuitwa Kongo. Kuanzia hapo kuteremka hadi Kinshasa, mwendo wa kilometa 1,700 hivi, meli husafiri bila kizuizi. Kwa upande wa juu vyombo havipiti, na ndiyo maana reli ya kwenda Ubundu, iliyoitwa zamani Ponthierville, ilijengwa na kukamilika mwaka 1906. Kwa hiyo mji huu tangu mwanzo ni mahali pa kushusha na kupakia. Lugha nazo zilishuka na kupakiwa hapo hapo. Lingala ilipanda na mto kutoka magharibi. Kiswahili kiliteremka na Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo, na kabla ya hapo kutoka Tabora, Ujiji na pwani. Hadi leo Kisangani ni mojawapo ya miji michache ambamo lugha hizo mbili husikika kwa nguvu katika soko moja.

Stanley alipita hapo Januari 1877, akarudi na kuanzisha kituo Desemba 1883. Kituo hicho kilishambuliwa na kuachwa mwaka 1886 baada ya ugomvi na Waarabu na Waswahili waliokuwa wamekwisha kufika sehemu hizo. Mwaka uliofuata, kwa makubaliano yaliyofanyika Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifanywa wali wa maporomoko hayo kwa niaba ya Mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliondoka mwaka 1890. Vita kati ya Dola ya Kongo na Waarabu na Waswahili vilipiganwa kati ya 1892 na 1894. Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kukumbushwa kwamba Tippu Tip aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na kwamba masimulizi hayo ni miongoni mwa matini za kwanza za nathari tunazowafundishia wanafunzi wetu. Tunawafundisha matini hayo, hatuwaonyeshi mji.

Majina ya mji huu ni somo zima la onomastiki. Kituo kiliitwa Stanley Falls, na ajabu ni kwamba neno la Kiingereza “Falls” liliingia hata katika Kifaransa cha watumishi wa Dola ya Kongo. Kisha likaja Stanleyville, jina ambalo nusu yake ni mtu wa Wales aliyelipata jina la Stanley akiwa Marekani, na nusu yake ni Kifaransa. Mwaka 1966 jina la Kisangani likawa jina rasmi, ingawa halikubuniwa mwaka huo: lilikuwa vinywani mwa watu kwa muda mrefu sambamba na jina la Boyoma na lile la Kilingala, Singitini. Maelezo ya kawaida ni kwamba majina haya yanataja kisiwa. Kwa mwanaisimu, la kuvutia zaidi ni kile kiambishi tamati -ni cha mahali. Mji wenye jina lililoundwa kwa mofolojia ile ile ya “mjini” na “mtoni” umo ndani kabisa ya bara la Afrika, mamia ya maili kutoka pwani. Msomaji wa pwani, ambaye kwake “kisanga” ni mkasa, husikia maana nyingine kabisa. Naye, kwa kuyajua yaliyoupata mji huo, hatakuwa na sababu ya kucheka.

3.0 Stempu ya Santimu 10

Mwaka 1894 Dola ya Kongo ilitoa mfululizo mpya wa stempu zenye picha, zilizochapwa London. Hapo awali, tangu 1886, stempu zake zilikuwa na sura ya mfalme tu. Katika mfululizo mpya, stempu ya santimu 5 ilionyesha bandari ya Matadi, na ile ya santimu 10 ilionyesha Stanley Falls. Picha ya katikati ilikuwa nyeusi, na fremu yake ilikuwa ya rangi. Rangi ya fremu ilibadilishwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Mto ulibaki pale pale.

Hebu tuitazame tarehe. Mwaka 1894 ndio mwaka vita vilipokwisha. Picha ya maporomoko ilianza kuzunguka duniani juu ya bahasha katika mwaka ule ule ambao bunduki za vita hivyo zilinyamaza. Haionyeshi wali, haionyeshi ngome, haionyeshi mateka wala wapagazi. Inaonyesha maji na mandhari, kana kwamba mtu hajapata kufika hapo kabla ya mpiga picha. Hii si hoja ya kusema kwamba stempu ni uongo. Ni hoja ya kusema kwamba ukimya wake una tarehe, na ukimya wenye tarehe ni ushahidi.

Maandishi ya stempu hiyo yana mengi zaidi ya kusema. Mwanzo yalikuwa ya Kifaransa peke yake. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, akiba ya stempu za zamani iligongwa maneno “Congo Belge” juu ya jina la dola iliyokufa, nyingine zikigongwa Brussels na nyingine huko huko Kongo. Kuanzia 1910 stempu zikawa za lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Ugomvi wa lugha wa Ubelgiji ulikuwa umesafirishwa hadi msituni, ukabandikwa kwenye barua za watu ambao hawakuwa na upande katika ugomvi huo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Ubelgiji, ambayo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wakongo, yaliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani na kuiteka Tabora Septemba 1916. Kwa matumizi ya maeneo yaliyotekwa, stempu za Kongo ziligongwa juu yake maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yenye maana ya “Afrika Mashariki ya Wajerumani, Ukaliaji wa Kibelgiji”. Miongoni mwa stempu hizo ilikuwamo ile ya santimu 10 yenye picha ya Stanley Falls. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo mtu aliyepeleka barua katika posta ya Kigoma, mji ambao leo uko Tanzania, aliweza kuibandika picha ya maporomoko ya Kisangani. Barua ile huenda iliandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa Kiswahili. Stempu yake ilitaja mataifa mawili ya Ulaya kwa lugha mbili za Ulaya, na haikuwa na neno hata moja la lugha iliyoviunganisha kwa kweli vituo vyote viwili.

Tulinganishe na jambo dogo la upande wa pili. Mwaka 1893 Wajerumani waligonga stempu zao za Afrika Mashariki thamani mpya kwa neno “Pesa”, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa sarafu iliyojulikana na watu. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya lugha. Walifanya hivyo kwa sababu posta ni biashara, na biashara haiwezi kuendeshwa kwa neno ambalo mnunuzi halijui. Katika stempu, basi, jina la dola husema dola inavyojitaka ijulikane. Neno la sarafu aghalabu husema watu wanavyosema. Ndivyo ilivyokuwa tena Kongo baada ya mageuzi ya fedha ya 1967, ambapo thamani za stempu zilianza kuhesabiwa kwa makuta, umoja wake likuta: kategoria ya nomino ya Kibantu ikiwa imeingia hadi kwenye kona ya stempu. Na kati ya 1971 na 1997, kila stempu ya nchi hiyo ilibeba jina la Zaire, ambalo asili yake ni matamshi ya Kireno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto. Kwa miaka 26 nchi nzima iliandikwa “mto” kwenye barua zake.

4.0 Karani wa Posta Aliyegeuka Stempu

Katika miaka ya 1940 na 1950 kijana mmoja kutoka Kasai aliajiriwa katika posta ya Stanleyville. Alipelekwa katika shule ya posta iliyokuwa Léopoldville, akarudi, akapanda cheo, akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha wafanyakazi Waafrika wa posta wa jimbo lile. Huyo ndiye Patrice Lumumba. Kesi iliyomwondoa katika kazi hiyo mwaka 1956, ya fedha za posta, inajulikana. Na yaliyofuata, hadi kuuawa kwake tarehe 17 Januari 1961, yanajulikana zaidi.

Mwaka huo huo wa 1961 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu yenye sura yake. Mwaka 1962 Ghana na Guinea zikafanya hivyo. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia stempu zenye sura za wengine, sasa sura yake ikawa inagongwa muhuri na makarani wa nchi za mbali. Lakini mwanaisimu hataishia kwenye sura. Stempu ya Kisovieti imeandikwa Kirusi, ya Ghana Kiingereza, ya Guinea Kifaransa. Lumumba, aliyekizungumza Kiswahili pamoja na Kitetela na Kilingala, aliadhimishwa katika nchi hizo kwa lugha za wenyeji wa stempu, si kwa lugha za barabara alizopita akiwa karani.

Hapa pana neno linalofaa kuchunguzwa. Kitenzi “adhimisha” tumekipata kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukubwa na utukufu, ule ule uliotupa “adhama” na “adhimu”, kisha tukakitia kiambishi cha usababishi. Kuadhimisha si kukumbuka tu. Ni kukifanya kitu kiwe adhimu. Kwa kuwa kauli yenyewe ni ya kutendesha, sarufi inatulazimisha kuuliza swali ambalo wapenda stempu hawaliulizi mara nyingi: ni nani mtendeshaji? Mwaka 1928, wakati Kongo ya Kibelgiji ilipotoa stempu za kumkumbuka Stanley, mtendeshaji alikuwa dola ya kikoloni. Mwaka 1961 alikuwa dola ya Kisovieti. Mto ni ule ule na mji ni ule ule. Nafsi ya mtenda ndiyo iliyobadilika. Mwanafunzi atakayepangiwa stempu hizi mbili mezani ataielewa dhana ya itikadi katika lugha kwa saa moja, na huenda akaielewa vizuri kuliko kwa mihadhara yangu ya muhula mzima.

5.0 Picha na Maelezo Yake: Kisa cha Wagenya

Postikadi zilizopendwa kuliko zote za mji huu ni zile za wavuvi wa maporomoko. Wavuvi hao husimika magogo katikati ya maji yaendayo kasi, wakayafunga kwa kamba za mimea, wakaning’iniza madema makubwa yenye umbo la pia, na samaki wakaingizwa humo na nguvu ya mto wenyewe. Wapiga picha wa kila kizazi wamesimama mahali pale pale. Kampuni ya Nels ya Brussels ilichapa kadi nyingi za Kongo, na Casimir Zagourski, mpiga picha wa asili ya Poland aliyefungua studio Léopoldville katika miaka ya 1920, aliuza mfululizo mashuhuri aliouita kwa Kifaransa jina lenye maana ya “Afrika inayotoweka”.

Maelezo yaliyo chini ya picha hizo yanatuhusu moja kwa moja. Wavuvi hao hujiita Enya au Genya, kwa tahajia mbalimbali. Kadi nyingi huwaita “Wagenia”. Kiambishi wa- hicho si cha Kifaransa. Wageni walilipokea jina kutoka kwa wakalimani na wapagazi waliosema Kiswahili, nao wakalichukua pamoja na kiambishi chake bila kujua kwamba wanachukua wingi. Kisha Kifaransa kikaongeza kibainishi chake cha wingi mbele ya jina, na hivyo watu hao wakatiwa katika wingi mara mbili. Mtu mmoja pia huitwa “un Wagenia”, yaani mmoja aliye wengi. Kosa hili la sarufi ni alama ya vidole. Linatuambia ni lugha gani iliyokuwa katikati wakati jina lilipopita kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Hakuna hati ya utawala itakayotuambia hivyo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa mwandishi wa hati huficha mkalimani wake, ilhali mwandishi wa maelezo ya kadi hakujua kwamba kuna cha kuficha.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji, alituonyesha namna ya kusoma misamiati na vitabu vya mazungumzo vya wakoloni kama vielelezo vya mamlaka. Christraud Geary na Virginia-Lee Webb, katika mkusanyiko wa makala waliouhariri na kuuchapisha mwaka 1998, walionyesha namna ya kusoma postikadi kama vielelezo vya mtazamo. Kazi hizi mbili hazijakutanishwa vya kutosha. Mahali zinapokutana ni hapo hapo chini ya picha, katika mstari mmoja wa herufi ndogo.

6.0 Nyuma ya Kadi

Mpaka hapa nimezungumza juu ya yaliyochapwa. Hazina kubwa zaidi iko nyuma. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa nyuma wa postikadi ugawanywe sehemu mbili, moja ya anwani na moja ya ujumbe, na mataifa mengine yakafuata. Tangu hapo kadi ikawa barua fupi. Ufupi huo ndio unaoipa thamani. Anayeandika kadi hana nafasi ya kujipamba. Huandika kama asemavyo, hufupisha, huchanganya lugha, humwamkia mtu kwa amkio la kweli.

Mimi mwenyewe ninayo kadi moja ya miaka ya 1950 yenye picha ya ukingo wa mto Stanleyville. Ujumbe wake ni wa Kiswahili. Mwandishi ameandika “ou” mahali pa u na “tsh” mahali pa ch, kama alivyofundishwa na shule ya kimisheni ya Kibelgiji. Ametumia “iko” mahali ambapo Kiswahili sanifu kingetumia “ni”, na udogo ameuonyesha kwa ka-, si kwa ki-. Salamu zake za mwanzo, hata hivyo, ni za mtindo wa barua za pwani, pamoja na kuulizia afya za watu wote wa nyumbani kwa mpangilio wa umri. Katika mistari minane kuna lahaja ya Kongo, tahajia ya Kifaransa na adabu ya uandishi wa pwani. Jina la mwandishi sitalitaja, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Mapokeo ya wapenda stempu yameuharibu ushahidi wa aina hii kwa nia njema. Mtoto anayeanza kukusanya hufundishwa kuikata kona ya bahasha, kuiloweka majini, kuibandua stempu, kuikausha na kuipanga katika albamu pamoja na wenzake wa rangi moja. Bahasha hutupwa. Muhuri wa posta, ulioandikwa jina la mji na tarehe, hubaki nusu. Stempu iliyobanduliwa ni kama neno lililotolewa katika sentensi: bado lina umbo, bado lina maana ya kamusi, lakini matumizi yake yamepotea. Tungemlaumu mwanafunzi anayekusanya data namna hiyo, na tungekuwa na haki.

Chukua swali moja tu. Baada ya jina la Kisangani kuwa rasmi mwaka 1966, watu waliendelea kwa muda gani kuandika Stanleyville katika anwani? Je, waliokuwa Ulaya walichelewa kuliko waliokuwa Bujumbura au Kigoma? Je, kuna walioandika Kisangani kabla ya 1966? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa gazeti la serikali, ambalo hutuambia siku ya amri tu. Linaweza kujibiwa kwa bahasha 200 zenye anwani na mihuri kamili. Bahasha hizo zipo mahali fulani, nazo zinapungua kila mwaka.

7.0 Hoja za Wapinzani

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba kukusanya postikadi za kikoloni ni kuuendeleza ukoloni kwa mlango wa nyuma. Hoja hii nina heshima nayo. Kuna kadi ambazo picha zake ziliwadhalilisha waliopigwa, na ambazo hazistahili kutundikwa ukutani kwa fahari. Lakini kutunza si kutundika. Tunatunza misamiati ya wakoloni iliyojaa sentensi za amri, na hakuna anayedhani kwamba tunaamrisha. Ambacho hatutakitunza sisi kitatunzwa na mnunuzi asiyeulizwa swali lolote.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi picha za kadi zinapatikana kwa wingi katika mtandao, hivyo hakuna haja ya karatasi. Nimezitazama nyingi. Mara nyingi muuzaji huonyesha upande wa picha peke yake, kwa kuwa ndio unaouzwa. Kwa mahitaji yetu, hiyo ni sawa na kupewa jalada la kitabu.

Hoja ya tatu, na iliyo nzito zaidi, ni ya fedha. Idara nyingi hazina hata fungu la kununulia majarida. Hilo ni kweli. Lakini siombi idara zishindane katika minada ya Brussels. Naomba zianze na masanduku ya nyumbani. Familia nyingi za Kigoma, Ujiji, Tabora na Unguja zilikuwa na jamaa au wabia upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Wazee waliopokea barua hizo wanatutoka, na sanduku la mzee aghalabu hufunguliwa na mtu asiyejua kilichomo. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda na adabu.

Pia tusisahau mji wenyewe. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani. Raia wengi waliuawa na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Mji uliopitia hayo, pamoja na mikasa ya 1964 na ya baadaye, hauwezi kutarajiwa kuwa umehifadhi karatasi zake zote. Barua iliyotoka mjini kabla ya bomu kuanguka ilinusurika kwa sababu ilitoka. Kwa maana hiyo, walioko nje ya Kisangani wana amana ya Kisangani mikononi mwao, pengine bila kujua.

8.0 Mapendekezo

Napendekeza kanuni tano. Kwanza, kadi au bahasha ipokelewe nzima. Stempu isibanduliwe na muhuri usikatwe. Pili, pande zote mbili zinakiliwe, na maandishi yote, ya chapa na ya mkono, yaandikwe upya kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Kusahihisha tahajia ya kadi ni kuifuta. Tatu, majina ya mahali na ya watu wa jamii mbalimbali yaorodheshwe kwa kila umbo lililotumika na tarehe yake, ili baadaye iwezekane kuona jina lilivyosafiri. Nne, majina ya waandishi na waandikiwa wa kawaida yafichwe katika machapisho, hata kama wamekwisha kufariki. Waliandika kwa ndugu zao, si kwetu. Tano, nakala ya kila kinachokusanywa ipelekwe katika chuo kikuu kilichoko Kisangani, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1963. Haitakuwa haki mtafiti wa mji huo apande ndege kuja kwetu kusoma barua za mtaa wake.

Aidha, kazi hii ingefaa tasnifu za uzamili. Wanafunzi wetu hurudia mada zile zile kwa sababu data zile zile ndizo zilizo karibu. Kiswahili cha Kisangani kimeanza kuandikiwa. Nico Nassenstein amekichambua katika kazi yake ya 2015. Lakini maelezo ya leo yanahitaji kina cha wakati, na kina hicho hatutakipata kwa kinasa sauti.

9.0 Hitimisho

Mzee wa albamu tatu hakuwa na shahada. Alijua hata hivyo jambo ambalo mimi, mwenye shahada, sikulijua siku ile: kwamba kipande cha karatasi kilichopita mikononi mwa makarani watatu, kikavuka ziwa, kikasomwa kwa sauti barazani, ni rekodi ya lugha. Hakuweza kulisema kwa istilahi zetu, na sisi hatukumsubiri alitafute neno.

Sina njia ya kumrudishia jibu lililo sahihi. Ninachoweza ni kuwaomba wenzangu wa idara za Kiswahili kwamba, simu kama ile itakapolia, wasijibu wakiwa na kalamu nyekundu mkononi. Waseme wanakuja kuona. Na wakifika, waombe kuzigeuza kadi.